Kisogo cha Nyumba

Mkono wa chuma ulipasuka Konde,
ule ulioutengeneza kwa vyuma vya kitanda cha mama yako.
Ukaniambia: "Leo kwa kamba, Mize.
Kazi yako usukani na breki. Basi."

Basi.
Miaka mitatu tunaikokota Landirova nyuma ya nyumba
na haijapata kuwa na mtu ndani.
Nyumba ilikuwa lori la saruji, Isuzu,
ukaliezeka, ukalitoboa dirisha, ukatia kitanda,
jiko la gesi, pipa la maji darini,
rafu za vipuri vya cherehani.
Tunalala lami inapoishia.
Asubuhi tunaifungua Landirova, yenyewe ndiyo inayojuana na tope,
inatupeleka kwa mwenye mkanda uliokatika,
kwa mwenye sindano inayoruka mishono,
jioni inarudi, inafungwa, inanyamaza.
Petroli ghali. Kukokotwa ni bure.

Leo ndani yake nimo miye.
Gia huru, ufunguo nusu ili usukani usijifunge.
Hukuniambia, Shaame, kwamba anayekokotwa husikia kila kitu:
mbuzi ya nazi inakwaruza uani kwa watu,
redio ya duka la Mapofu inaanza neno
na neno linabaki huko huko.

Nakiona kisogo cha nyumba yangu.
Nimeishi ndani yake, sijapata kukiona kikienda.
Kutu imeteremka chini ya dirisha kama wanja wa aliyelia.
Beseni linagonga, linagonga.
Na fulana yako yenye matundu umeianika mlangoni,
Konde nzima imeshaisoma.

Kamba nayo ina tabia zake.
Ikilegea hujiburuza chini kama haina habari,
kisha hushtuka,
meno yangu yakagongana.
Nikajifunza: breki kidogo tu, kama mtu anaonja mchuzi,
kamba ikae imekaza, tusisemezane vibaya.

Mteremko wa Kinyasini.
Taa zako nyekundu zikawaka, zikazima, zikawaka,
zikabaki zimewaka.
Na bado unakwenda.
Harufu ilinifika kabla ya maana yake.
Mkono wako ukatoka dirishani, vidole vimetawanyika;
ishara hiyo hatukuwahi kuagana.
Chini kule karafuu zimeanikwa majamvini, nusu ya lami,
na mtoto anazigeuza kwa mguu,
mgongo ametupa sisi.

Nikakanyaga. Mguu mmoja, kisha yote miwili,
nikainuka kitini.
Kamba ikalia.
Kamba hukatikia pembamba,
na pembamba palikuwa pale kwenye fundo lako
nililolicheka asubuhi.
Kile kirungu cha njano nikakigonga kwa ngumi,
nikatia namba mbili, haikutaka, ikasaga meno, nikatia,
nikaachia klachi,
na injini iliyolala tangu Konde ikazinduka inapiga kelele
kama aliyeota amezikwa,
na magurudumu manne yakaikamata lami
yakasema hapana.

Nyumba nzima,
kitanda, mtungi wa gesi, cherehani nane za watu, na weye,
ikaning'inia kwangu
kwa kamba ya kufungia ng'ombe.

Tulisimama hatua kumi kabla ya jamvi la kwanza.
Mtoto akageuka, akatutazama,
akaendelea na karafuu zake.

Ulishuka. Hukuja kwangu.
Ulikwenda kwenye fundo, ukalipapasa,
ukasema: "Limeshika."
Nikasema: "Nimeshika."
Herufi moja. Uliisikia.

Ndani, maharage yalikuwa yamemwagika mpaka chini ya kitanda.
Tukapiga magoti tukiyazoa kwa kifuniko,
moshi wa breki ukitupitia machoni.
"Kesho Chake, kwa mchomeaji," ukasema.
"Mkono mpya. Hutakaa tena kule nyuma."

Miye nilikuwa natoa maharage kwenye kisanduku cha sindano,
moja, moja.
Sikusema kitu.
Miguu ilikuwa bado inatetemeka
na ilikuwa inataka tena.